Viti vitupu maktabani si uvivu wa wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuchangie mjadala unaorudi kila mwaka wa masomo unapoanza: kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu siku hizi hawasomi, maktaba ziko tupu, na simu ndizo zilizowaharibu. Sisi ni wakutubi katika maktaba za vyuo vikuu, Dar es Salaam na Morogoro. Kwamba viti vingi vinakaa vitupu, tunakubali. Tunachokikataa ni sababu inayotajwa. Pita kwenye vimbweta, yale madawati ya zege yaliyo nje, saa 12 jioni uone vilivyojaa. Watu wanasoma, wanafanya diskasheni, wanapiga msuli juu ya zege huku mbu wakiwamaliza, na hapo jirani kuna jengo lenye viti na meza. Anayeacha kiti akachagua zege hawezi kuitwa mvivu wa kusoma. Kuna kitu ndani ya lile jengo kinachomfukuza, na kwa uzoefu wetu kitu hicho karibu kila mara kinapimika kwa futi kamba, kwa saa ya ukutani au kwa hesabu za shule ya msingi.

Jengo jipya la maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lililojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, lilitangazwa kwa namba mbili: wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na nafasi ya vitabu 800,000. Ni jengo la kujivunia na nchi ilikuwa na haki ya kulifurahia. Ila namba za aina hiyo, viti na vitabu, ndizo tulizozizoea kuipimia maktaba yoyote, iwe kwenye hotuba au kwenye ripoti ya mwaka, na hazisemi chochote kuhusu matumizi. Kiti kisichofikiwa na umeme wala hewa kinahesabiwa sawa na kiti kizuri. Kitabu kilichopangwa rafu isiyo yake kinahesabiwa sawa na kile kilichomo mkononi mwa msomaji. Tunayoyaeleza hapa hayahusu chuo kimoja. Ni mambo yanayojirudia kwenye majengo mapya na ya zamani.

Tuanze na umeme, maana mwanafunzi wa leo naye anaanzia hapo. Akiingia ukumbini hatafuti rafu kwanza, anatafuta soketi. Kumbi nyingi zilichorwa enzi ambazo msomaji alikuja na daftari na kalamu, kwa hiyo soketi ziliwekwa chache, mbalimbali, zote ukutani, kwa ajili ya mashine ya kusafishia sakafu. Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Kwenye meza za ukutani wanabanana watatu penye nafasi ya wawili, na katikati ya ukumbi safu nzima hazina mtu. Mgeni akichungulia anasema wanafunzi hawaji. Walikuja. Walikuta viti vya katikati havina umeme, na betri ya kompyuta mpakato ya mtumba haimalizi saa mbili, wakaondoka.

Dawa ya haraka inayotumika ni ekstensheni, na ndiyo inayozidisha ugonjwa. Kompyuta mpakato moja inakula wati 65 hivi. Saketi ya soketi ya ampea 32, kwa umeme wetu wa volti 230, inabeba wati 7,360, yaani kompyuta zaidi ya 100. Kwa hiyo mara nyingi saketi ya jengo haina kosa. Kosa liko kwenye waya mwembamba wa ekstensheni ya bei rahisi: waya wa milimita za mraba 0.75 unastahili ampea 6 tu, ambazo ni wati 1,380, kompyuta 21 basi. Ekstensheni ya pili ikichomekwa kwenye ya kwanza na ya tatu kwenye ya pili, mzigo wote unapita kwenye ule waya wa mwanzo. Unapata moto, plastiki inalainika, harufu inaanza.

Halafu kuna soketi zenyewe. Chaja nyingi zinazouzwa madukani zina plagi ya pini mbili za mviringo, wakati soketi zetu ni za pini tatu bapa. Mwanafunzi anachukua kalamu, anaisukuma kwenye tundu la juu, lile la ethi, vizibo vya matundu mawili ya chini vinafunguka, kisha anazishindilia pini zake. Hilo likifanyika mara kadhaa kwa siku, vishikizo vya shaba vya ndani vinatanuka, plagi inacheza, cheche zinaruka, na kabla mwaka haujaisha soketi imeungua. Fundi anaibadilisha, na muhula unaofuata mambo ni yale yale. Uongozi unachoka, unabandika tangazo: marufuku kuchaji. Siku tangazo hilo linapobandikwa ndiyo siku ukumbi unapoanza kupoteza watu.

Hapa hahitajiki mfadhili. Meza za katikati zipangwe mbilimbili zikitazamana, na mfereji wa plastiki wa waya upite kati yake. Waya uteremke kutoka darini kwenye nguzo, usitambae sakafuni penye miguu ya watu. Uwe wa milimita za mraba 2.5, kila safu iwe na kikata umeme chake cha ampea 20, pamoja na kile kinachokata mtu anapopigwa shoti. Soketi ziwe angalau moja kwa kila viti viwili. Adapta za pini mbili ziwekwe kaunta, ziazimwe kwa kitambulisho kama kinavyoazimwa kitabu. Adapta 100 zinagharimu kidogo sana ukilinganisha na fundi anayerudi kila muhula.

Mwanga unafuata. Viwango vya Ulaya vya mwanga wa ndani vinataka meza ya kusomea ipate luksi 500 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mezani) na rafu za vitabu luksi 200. Yeyote anaweza kujaribu: saa 1 usiku, jua likishazama, fungua programu ya kupima mwanga kwenye simu janja, ilaze mezani kifaa cha kupimia kikitazama juu, kisha kaa kitini kama msomaji ili kivuli chako kiwepo. Simu si kipimo cha maabara, lakini ikikusomea 120 hakuna haja ya kubishana nayo. Tumeshuhudia meza za namna hiyo zikiitwa nafasi za kusomea mpaka saa 4 usiku.

Kwenye rafu chanzo cha giza huwa ni kimoja. Taa zilifungwa zikifuata ujia kati ya rafu. Baadaye vitabu vikaongezeka, rafu zikasogezwa kwa nusu mita ili iongezwe safu moja, taa zikabaki zilipokuwa. Sasa taa inamulika vumbi lililoko juu ya rafu na ujia uko gizani. Ujia wenyewe umebaki wa sentimita 70 au 75, hivyo anayetaka kitabu cha rafu ya chini kabisa anapiga magoti, simu mdomoni ikiwa tochi, na mwenzake hawezi kupita. Vitabu vya rafu hiyo haviazimwi. Mwisho wa mwaka vinaandikwa kwenye orodha ya vitabu visivyo na wasomaji, na somo lake linakosa fedha ya vitabu vipya. Hili linatuuma sana, kwa sababu uamuzi wa kitaaluma unakuwa umefanywa na taa. Dawa yake ni kuzifunga taa zikatize rafu badala ya kuzifuata, ili rafu zisogezwe vyovyote vile, kila ujia upate mwanga wake. Na wakati zinafungwa upya, mirija ya futi 4 ya wati 36 ibadilishwe kwa ya LED ya wati 18. Nusu ya umeme inaokolewa.

Joto lina habari ndefu zaidi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linapanda mashariki na kushuka magharibi karibu wima, kwa hiyo ukuta wa kioo unaotazama magharibi unapokea jua la moja kwa moja kuanzia saa 9 alasiri hadi linapozama, na kibaraza cha juu hakilizuii kwa sababu linakuja limelala. Madirisha ya kaskazini na kusini yanakingwa na kibaraza cha mita moja au zaidi kidogo na mambo yanaisha. Wajenzi wa zamani wa pwani walilijua hilo. Siku hizi michoro inakuja na vioo pande zote nne, vimefungwa visifunguke, kwa matumaini kwamba AC itafanya kazi. AC ikiharibika, au bajeti ya umeme ikibana, ukumbi unakuwa tanuri, na hakuna dirisha la kufungua. Chuo kinachojenga sasa kiweke sharti moja kwenye mkataba: angalau theluthi moja ya eneo la madirisha lifunguke, pande mbili zinazoelekeana, na upande wa magharibi uwekewe ngazi, vyoo na stoo, si meza za wasomaji.

Kwa majengo yaliyokwisha kujengwa, zipo feni. Lakini feni nazo zina namna yake. Feni moja yenye kasi kubwa iliyofungwa chini inapeperusha karatasi, wasomaji wanaizima, waliokaa mbali wanaungua, ugomvi unaanza. Zifungwe nyingi, angalau mita 2.4 kutoka sakafuni, zizunguke polepole, na kila safu iwe na kidhibiti mwendo chake badala ya swichi moja ya ukumbi mzima iliyofichwa ofisini. Na vitabu navyo vinahitaji hewa hiyo. Unyevu hewani ukizidi asilimia 65 kwa muda, ukungu unaota kwenye jalada na gundi. AC inayowashwa mchana na kuzimwa usiku pwani ina hatari yake: vitabu vimepoa, hewa ya nje yenye unyevu inaingia, unyevu unatua juu yake. Afadhali hewa inayopita saa 24 kwa feni ndogo kuliko baridi ya saa nane. Kitabu chenye ukungu kinamkohoza msomaji, na akikohoa mara mbili harudi kwenye rafu ile.

Kelele tutaisemea jambo moja tu, maana linadharauliwa. Kiti cha miguu ya chuma kikivutwa juu ya vigae kinatoa mlio unaosikika ukumbi mzima. Ukumbi wa viti 200, kila kiti kikivutwa mara mbili kwa saa, ni milio 400 kwa saa. Chunguza mguu wa kiti: ulikuja na kofia ya plastiki, plastiki ikapasuka, bomba la chuma likabaki wazi. Kofia za mpira zinauzwa kwa kipenyo cha bomba, milimita 19, 22 au 25. Pima kwanza, kisha nunua za mpira mzito zenye kibati cha chuma ndani, kwa sababu bila hicho kibati bomba linautoboa mpira ndani ya miezi michache. Kiti kimoja ni kofia nne. Pasipo kazi hiyo ndogo, mabango ya KIMYA hayasaidii kitu. Na diskasheni zipewe mahali pake: vyumba vya watu 6 hadi 8 vyenye ubao, mbali na ukumbi wa kimya, vyenye kuandikishwa kwa saa mbilimbili. Wanafunzi wetu wanasoma kwa makundi, kozi nyingi zinadai kazi za makundi, na maktaba isiyo na sehemu ya kuongea inawaambia wazi warudi kwenye vimbweta.

Sasa vitabu. Chukua kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 400 na kitabu kimoja cha lazima, nakala tano zikiwa kwenye akiba maalumu, zinazosomwa humo humo kwa saa mbili. Maktaba inafunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku, ni saa 14. Nakala moja inapita mikono 7 kwa siku, nakala tano mikono 35. Ili kila mwanafunzi aguse kitabu mara moja, kwa saa mbili tu, zinahitajika siku 12 bila nakala hata moja kukaa bure. Mhadhiri ametoa jaribio baada ya siku 6. Hesabu inagoma yenyewe: zaidi ya 180 hawatakiona. Hao wanafanya nini? Wanafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya. Wanaenda steshenari ya nje ya geti wananunua desa, yaani fotokopi za muhtasari wa somo. Wengine wanakificha kitabu: cha uchumi kinasukumwa nyuma ya vitabu vya jiolojia, mwenye siri anakirudia kesho. Na kila mkutubi amewahi kutafuta nakala iliyoyeyuka na kusikia kwamba imegeuka nakala mama ya kutolea fotokopi za kitabu kizima, kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Adhabu ni sawa zitolewe, lakini tunasisitiza kwamba nakala tano kwa watu 400 ndizo zinazozalisha wezi. Zikiwa kumi, siku 6 zinatosha, na kishawishi cha kuficha kinapungua sana.

Hesabu hii inataka taarifa moja ambayo wakutubi hatuipati kwa wakati: orodha ya kozi, idadi ya waliojiandikisha na vitabu vya lazima, kabla muhula haujaanza. Wahadhiri wengi wanaleta orodha wiki ya tatu au ya nne, wakati ununuzi wa umma na usafirishaji wa vitabu vya nje unaweza kumeza miezi. Idara zikikabidhi orodha kabla ya likizo ndefu, nusu ya tatizo la nakala inaisha bila kuongeza shilingi, kwa sababu fedha iliyopo itanunua kinachosomwa. Leo sehemu ya rafu zetu imejaa misaada ya kontena: vitabu vya hesabu za kodi za Marekani, miongozo ya programu za kompyuta za mwaka 1998. Tunashukuru kwa nia, ila kitabu cha namna hiyo kinachukua nafasi, kinakula vumbi na kumfundisha mwanafunzi kwamba maktaba ni ya mambo ya kale. Mfano mchungu ni wa sheria. Toleo la urekebu la sheria zetu la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025. Mwanafunzi wa sheria anayekuta rafuni toleo la 2002 peke yake, bila kibandiko kinachomwonya, atanukuu kifungu kilichokwisha kuhamishwa namba. Akikosea mara moja tu, haiamini tena rafu ile, na ni halali yake.

Kuna upotevu mwingine unaotokana na mpangilio wenyewe. Maktaba zinazotumia mpango wa Library of Congress, yaani wa Maktaba ya Bunge la Marekani, huandika sehemu ya mwisho ya namba kama desimali. Kwa hiyo .K45 inakuja kabla ya .K5, kama ilivyo 0.45 kabla ya 0.5. Mfanyakazi wa muda asiyefundishwa anaona 45 ni kubwa kuliko 5, anakiweka baada yake. Katika rafu za Kiswahili, PL 8701 hadi PL 8704, ambako vitabu vingi vinagawana namba ya mwanzo, kosa hilo dogo linaweza kukitupa kitabu rafu mbili mbele. Katalogi inasema kipo, rafu inasema hakipo, mwanafunzi anaiamini rafu. Kusoma rafu, yaani kupita kitabu kwa kitabu ukilinganisha namba, ni kazi ya saa moja kila asubuhi kabla ya kufungua, kila mtu na eneo lake. Ndiyo kazi ya kwanza kuachwa watumishi wanapopungua, na haionekani kwenye ripoti yoyote.

Wapo wanaosema haya yote yamepitwa, kila kitu kiko mtandaoni. Kwa kweli hapa Tanzania ina bahati ambayo haitumiki. Kupitia Research4Life vyuo vyetu vinapata majarida ya kitaaluma ya kulipia bila kulipa: Hinari ya mambo ya afya tangu 2002, AGORA ya kilimo tangu 2003, GOALI ya sheria tangu 2018, pamoja na nyingine. Muungano wa maktaba za vyuo na taasisi za utafiti, COTUL, nao unajadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wote. Mwanafunzi wa udaktari Muhimbili au wa kilimo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, anaweza kusoma makala ile ile anayosoma mwenzake wa London. Kinachokwamisha ni mlango. Majarida mengi yanamtambua msomaji kwa anwani ya mtandao wa chuo. Akiwa ndani ya chuo, makala inafunguka. Akirudi alikopanga, Mbezi au Kihonda, makala ile ile inamdai dola 30 au zaidi. Anaamini maktaba haina kitu. Chuo kinahitaji lango la kuingilia kutoka nje, ambalo mwanafunzi analifungua kwa namba yake ya usajili na nywila yake mwenyewe. Nywila moja ya wote, inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, ni hatari: mtu mmoja akipakua makala mamia kwa mkupuo, mchapishaji anafunga chuo kizima, na mara nyingi hilo linatokea wiki za kumalizia tasnifu.

Na intaneti ya ukumbini? Malalamiko ya kila siku ni kwamba simu inaonyesha imeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka. Wengi wanadhani kasi ni ndogo, chuo kinaongeza malipo ya kasi, hali inabaki vile vile. Mara nyingi kilichokwisha ni anwani, yaani namba ambayo mtandao humpa kila kifaa kinachounganishwa. Mtandao mdogo wa kawaida una anwani 254 za kugawa. Kila mwanafunzi anaingia na simu na kompyuta, vifaa viwili, kwa hiyo mtandao unajaa kwa watu 127. Kibaya zaidi, mitambo mingi imeachwa na mpangilio wa kumshikia mtu anwani kwa saa 24 au hata siku 8. Aliyepita asubuhi kuazima kitabu kwa dakika tano bado anashikilia anwani mbili jioni. Fundi wa mitandao apunguze muda huo uwe saa moja au mbili na kupanua mtandao uwe wa anwani 1,022. Ni kazi ya mchana mmoja na hakinunuliwi chochote. Baada ya hapo ndipo vitazamwe visambazaji mawimbi vya Wi-Fi: kimoja kinahudumia vizuri watu 30 hadi 50 wanaotumia kwa pamoja, kifungwe darini ndani ya ukumbi wenyewe, si koridoni nyuma ya ukuta wa zege.

Yapo mengine tunayapitia kwa haraka, ingawa kila moja linatosha kumwondoa mtu. Choo kisicho na maji kinamfanya binti aondoke saa 8 mchana asirudi. Mabegi yanayoachwa nje kwenye rafu isiyo na mlinzi yanaibwa. Makabati yenye namba na mahali pa kupitisha kufuli lake mwenyewe yanamaliza hofu hiyo. Kufunga saa 4 usiku hakuna maana ikiwa njia ya kwenda hosteli ni giza na daladala zimeisha. Taa za njia na basi moja la chuo linaloondoka robo saa baada ya kufunga ni sehemu ya huduma ya maktaba. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu anahitaji mteremko wa 1 kwa 12, yaani kimo cha sentimita 50 kinataka urefu wa mita 6, na ujia wa rafu usiopungua sentimita 90. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010. Lifti iliyofungwa kufuli kwa kuogopa gharama inamnyima huyo mwanafunzi ghorofa zote za juu.

Ombi letu kwa wakuu wa vyuo, na kwa Tume ya Vyuo Vikuu inapokuja kukagua, ni kuacha kuuliza viti vingapi na kuuliza viti vingapi vinakaliwa. Kuna njia rahisi. Chora ramani ya ukumbi kwenye karatasi, kila kiti na namba yake. Kwa wiki moja ya kawaida na wiki moja ya kuelekea UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, mtumishi azunguke kila baada ya saa mbili tangu kufungua hadi kufunga, atie alama kwenye viti vyenye mtu na viti vyenye vitu vya mtu. Mwisho wa wiki mbili, viti visivyokaliwa vitajitokeza vyenyewe, na karibu kila mara vitakuwa vimekaa pamoja, upande mmoja, safu moja. Vifuateni na kipima mwanga, kipimajoto na kijaribu soketi, kaeni hapo dakika 20 saa 9 alasiri. Sababu itaonekana bila semina.

Kazi yenyewe ifanyike kati ya Julai na Oktoba, bajeti mpya ikiwa imefunguliwa na kumbi zikiwa na watu wachache, ianze na soketi, taa, kofia za viti na anwani za mtandao, maana hayo hayangoji zabuni kubwa. Sensa ya viti irudiwe muhula wa kwanza unaofuata, kwa ramani ile ile na saa zile zile, na matokeo ya mwanzo na ya pili yabandikwe mlangoni wanafunzi wayaone. Fomu ya sensa ni ukurasa mmoja; maktaba yoyote ikiitaka, sisi tuko tayari kuitoa bure na kuja kuonyesha inavyojazwa.

Wakutubi wa vyuo vikuu,
Dar es Salaam na Morogoro